Cheri Kumi na Moja

Wifi yangu Ottilia Hegglin hajawahi kubakisha kitu kitamu. Siyo mlafi. Ameoka keki za cheri miaka thelathini na nane katika duka moja la mtaa wa chini, na anayeoka kutwa hana hamu ya kula. Ila akishaonja kizuri hawezi kukiacha nusu. Mwaka wa harusi yao kaka yangu Klemens alimletea boksi la chokoleti, vipande arobaini, akamwambia ale kimoja kimoja hadi Krismasi ifike. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu boksi lilikuwa na karatasi tupu. Kaka alicheka mpaka akashika mbavu, na nadhani hapo ndipo alipojua ameoa mtu wa namna gani.

Naanza na chokoleti kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka humo.

Klemens alikuwa fundi wa ngazi kama baba yetu. Siyo ngazi za wapaka rangi. Alitengeneza ngazi za kuchumia cheri, mita nane, pana chini na nyembamba juu, nyepesi kiasi cha mtu mmoja kubeba begani akikimbia. Kwetu Zug, mji wetu mdogo wa Uswisi, mwishoni mwa Juni, kengele ya cheri ikilia saa sita mchana watu hukimbia na ngazi kwenda konde la mji, na anayetangulia huchagua mti. Kabla ya kengele, ukigusa hata punje moja pale konde ni aibu ya kukufuata kaburini. Kengele ikishalia, humwombi mtu ruhusa. Ottilia na kaka yangu walijuana siku hiyo. Kaka alikuwa na ngazi bila kikapu, Ottilia alikuwa na kikapu bila ngazi. Walikimbia pamoja miaka arobaini na moja.

Kisha mapafu yakamshinda. Vumbi la mbao, daktari alisema, akampa mwaka mmoja.

Juu ya karakana yake alipanga binti mmoja wa kutoka mabonde ya mashariki, Seraina, mmoja wa hawa vijana waliojaa mjini kwetu na kompyuta zao na mashati yasiyopigwa pasi. Kazi yake ilikuwa hiyo wanayoiita blokcheni. Mimi nilikuwa nikilisikia neno hilo kwenye foleni ya mkate na kulipuuza. Majira ya baridi yale Klemens, ambaye hajawahi kumaliza kuandika barua, alishinda huko juu kwa binti. Siku moja ya Februari nikapanda kumpelekea supu, nikamkuta amekaa mbele ya kinasa sauti.

"Umeanza kuimba, kaka?"

"Namwachia Otti maneno," akasema. "Mara saba. Moja kwa mwaka."

"Nipe mimi nimtunzie. Nitampa moja moja."

Akanitazama kwa huruma. "Wewe? Akilia mlangoni kwako siku mbili utampa zote saba na mfuko wa kubebea."

"Basi mpe noteri, mwanasheria wa hati."

"Noteri naye ana moyo, Agatha. Na keki ya harusi yake aliokewa na Otti. Nataka mtunzaji asiyejua huruma. Akizipata zote atazimaliza siku moja kama zile chokoleti, halafu miaka sita atakaa na karatasi."

Nikamgeukia Seraina, nikamwuliza huyo asiye na huruma anaishi wapi. Yeye akavuta kiti.

"Mama Agatha, fikiria daftari. Siyo lako, siyo la benki, siyo la manispaa. Kila nyumba mjini ina nakala yake. Likiandikwa jipya, linaandikwa kwa wote. Na kila ukurasa unabeba alama ya ukurasa uliotangulia. Ukichana wako au ukibadili neno moja, alama hazifuatani tena na majirani wote wanakuona. Kurasa zimeshikana kama mnyororo. Ndiyo blokcheni hiyo."

"Na mwenye daftari ni nani?"

"Hakuna. Ni wote."

"Basi huo ni mji wa wambea tu," nikasema. "Kila mtu anajua la mwenzake na hakuna anayesahau."

Alicheka. "Hujakosea sana. Sasa, humo ndani huandiki habari tu, unaweza kuandika na sharti: likitokea hili, fanya lile. Wanauita mkataba mahiri. Ukishauweka unajitekeleza wenyewe. Hauna karani wa kumbembeleza wala bosi wa kumpigia simu. Hata mimi niliyeuandika siwezi kuugusa tena."

"Ni kengele yetu hiyohiyo," Klemens akadakia. "Ikilia, ngazi zinakwenda. Isipolia, hata uwe meya, unakaa na kikapu chako."

Kwa hiyo sharti lake likawa kengele. Kila mwaka kengele ya cheri ikilia, kufuli moja litafunguka na Ottilia atasikia kwenye simu yake maneno ya mwaka ule. Shida ilikuwa moja: mkataba hauna masikio. Lazima mtu auambie kengele imelia. Wakachagua mashahidi watatu: mimi, Seraina mwenyewe, na Meinrad mpiga kengele. Wawili wakikubaliana, inatosha. Kila mmoja wetu alipewa kidude kidogo kama pakiti ya bazoka, chenye namba ya siri.

"Na tukidanganya?" nikauliza.

"Mkataba utawaamini," Seraina akasema. "Hauchunguzi ukweli, unasikiliza mashahidi. Ila mtakachosema kitabaki humo, na majina yenu, na hakifutiki."

"Mahiri gani huyo? Huyo ni punda."

"Punda, lakini habadili njia."

Kisha binti akauliza swali ambalo mpaka leo namheshimu nalo. Alisema, "Mzee Klemens, na mwaka ambao kengele haitalia?"

Kaka yangu akamcheka hadi kikohozi kikamkamata. "Binti, kengele hiyo imelia tangu enzi za babu wa babu yangu. Vita vimepita, imelia. Andika kengele."

Nami nilikuwepo, na sikusema neno. Mtu wa kwetu anaweza kuifikiria dunia isiyo na yeye mwenyewe, lakini Juni isiyo na cheri hawezi. Ndiyo akili yetu ilivyo.

Alikufa Oktoba.

Miaka minne mambo yalikwenda kama alivyopanga. Kengele inalia, Meinrad anashuka mnarani akitweta, tunabonyeza vidude vyetu, Ottilia anachukua simu, anaingia jikoni na kufunga mlango. Mimi nabaki sebuleni na kahawa. Anatoka amevimba macho, anakata keki, tunazungumza habari za hali ya hewa.

Hakuwahi kunisikilizisha. Mwaka wa kwanza nilidhani atanipa mwenyewe. Mwaka wa pili nikamtania, "Wifi, kaka yangu anasemaje?" Akajibu, "Ni yangu, Agatha." Alimfahamu miaka arobaini na moja. Mimi miaka sabini. Nilicheza naye vumbini karakanani kwa baba, na nikiwa na miaka minane nilichapwa kwa sababu ya ngazi iliyovunjika ambayo sikuivunja mimi. Hakuniachia hata neno moja. Siombi mimi, sikuzaliwa na mdomo wa kuomba. Lakini mwezi mmoja nilipiga simu ya karakana nikijua imekatwa zamani, kwa sababu tu kile kidude cha zamani cha kupokea simu kilikuwa na sauti yake ikisema, "Niko juu ya ngazi, piga baadaye." Nilisikia mlio wa simu mfu. Nilimkumbuka kaka yangu kiasi cha kukasirika, na hasira hiyo nilikuwa nayo kila nilipouona mlango wa jikoni umefungwa.

Mwaka wa tano ikaja jalidi. Miti ilikuwa imechanua mapema, Aprili yote nyeupe, kisha baridi ya usiku tatu mfululizo. Wakulima waliwasha mishumaa ya makopo chini ya miti, mamia, na haikusaidia. Asubuhi ya nne maua yalikuwa ya kahawia kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Mei kamati ya cheri ikabandika tangazo: mwaka huu hakuna cha kuchuma, kengele haitalia.

Ottilia alilisoma tangazo akiwa na mkoba wa sokoni, akalisoma tena, akaja kwangu bila kupitia nyumbani. Inabidi niseme kuhusu masikio yake. La kulia lilikufa zamani. La kushoto lilikuwa linakwenda, na majira ya baridi yaliyopita daktari alimwambia wazi kwamba kwa mwakani hamwahidi kitu. Zile sauti nne za zamani alikuwa amekwisha kuzikariri, anazijua hadi pumzi. Alichokuwa anakingojea ni hii ya tano.

"Mwakani italia," nikamwambia kwa sauti kubwa.

"Mwakani mimi nitakuwa kiziwi," akasema. "Italia, itafunguka, na mimi nitaishika simu kama jiwe."

Tukapanda kwa Seraina. Ottilia hakuwa amewahi kumwomba chochote. Siku hiyo aliomba. Binti alilia kabla yake.

"Mama Otti, siwezi. Naapa, ningeweza ningekufungulia sasa hivi. Niliuandika ili mtu kama mimi, siku kama ya leo, asiweze."

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa Meinrad. Nilimkuta anapaka mafuta bawaba za mlango wa mnara.

"Meinrad, wewe na mimi ni wawili. Wawili wanatosha. Tubonyeze, tuseme imelia, yaishe."

"Haijalia."

"Najua haijalia, sina masikio ya wifi yangu. Nani atakuuliza?"

"Hakuna," akasema, akiendelea kupaka. "Ndiyo tatizo lake. Miaka ishirini na sita napiga kengele hii, Agatha. Nikiipiga, mji mzima unaweka sufuria chini na kukimbia. Unajua kwa nini? Kwa sababu sijawahi kuipiga kwa mchezo."

"Mzee mgumu wewe. Mwanamke anapoteza masikio, wewe unaniletea hadithi za sufuria."

Akaweka kopo chini. Alikuwa rafiki wa Klemens, naye alikuwa na macho mekundu. "Otti akisema tubonyeze, nitabonyeza. Nenda kamwulize."

Nilimwuliza. Alikuwa anafuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Na itaandikwa?" akasema. "Agatha na Meinrad wanashuhudia kengele imelia. Siku fulani, mwaka fulani. Itakaa humo hata sisi tukishakufa?"

"Itakaa. Na ikikaa kuna ubaya gani? Nani atasoma?"

"Klemens alitengeneza ngazi elfu mbili, wifi, hakuwahi kuziba ufa kwa gundi akapaka rangi juu. Hapana." Akaendelea kufuta. Kisha mkono ukasimama. "Lakini nataka kuisikia. Nataka mpaka nasikia uchungu kwenye meno. Nikiamka namtukana kwa kufa, halafu namwomba radhi. Usifikiri sitaki."

Nilirudi nyumbani kwa njia ya konde la mji, kwa sababu nilikuwa nataka kupiga kitu teke. Miti yote imesimama na majani tu. Pale mwisho, nyuma ya nyumba ya kufulia ya zamani, kuna mti mzee ambao hakuna anayeuchagua siku ya kengele kwa kuwa umebanwa na ukuta wa mawe, ngazi haikai vizuri. Ukuta ule hushika joto la jua hadi asubuhi. Nikainua macho. Kwenye tawi lililoegemea ukuta kulikuwa na cheri za kijani, ndogo kama njegere. Nilizihesabu mara tatu. Zilikuwa kumi na moja.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda nyumbani, nikateremsha pazia la wavu la chumbani kwangu, nikarudi na kiti cha kukunja. Sikugusa hata punje. Pazia lilifunika tawi, nami nikakaa chini kuwafukuza ndege weusi kwa mwavuli. Wiki tatu na siku mbili. Watu waliopita na mbwa wao walinisalimia kwa adabu ile wanayotumia kwa wagonjwa.

"Unalinda nini, Bibi Hegglin?"

"Pazia langu. Wezi wamezidi."

Zilianza kuwa njano, kisha nyekundu. Moja ilipokuwa nyeusi upande mmoja nikaenda kumshika Meinrad mkono wa koti, nikamvuta mpaka pale, nikaondoa pazia.

"Hesabu."

Akahesabu kwa kidole hewani. "Kumi na moja."

"Zimeiva?"

Akasogea, akanusa bila kugusa. "Zimeiva."

"Kitabu cha kamati kinasema kengele italia lini?"

"Cheri za konde la mji zikiiva."

"Ngapi?"

"Hakisemi ngapi."

"Na mkataba wa kaka yangu unasema ngapi?"

"Wewe mwanamke," akasema, akaanza kucheka kwa mabega. Alimpigia simu mwenyekiti wa kamati hapo hapo. Mwenyekiti akasema kitabu ni kitabu, na mji umekaa na huzuni tangu Aprili, apige.

Kesho yake saa sita kengele ya cheri ikalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Ottilia. Mtaa mzima ulisimama kwanza, watu wakatazamana, wakatazama mnara. Kisha kijiko kikaanguka mahali fulani, mlango ukafunguka, na mwanamume mmoja akapita mbio na ngazi begani huku bado amevaa aproni. Nyuma yake mwingine. Tabia ni tabia.

Ottilia alikuwa anaosha trei na mgongo kwa dirisha. Hakugeuka. Kengele ilikuwa inalia kwa nguvu zake zote na wifi yangu hakugeuka, na hapo ndipo nilipoona jinsi muda ulivyokuwa mchache. Nikamgusa bega. Akaona ngazi zinapita nje ya kioo.

"Mbona wanakimbia?"

"Kengele!"

"Usinifanyie hivyo, Agatha."

"Toka uone mwenyewe."

Tulipofika, watu kama thelathini walikuwa wamesimama chini ya mti mmoja wenye matunda kumi na moja, ngazi zao zimeelekea juu, na hakuna aliyepanda. Walisogea wakatupa njia. Mtu aliegemeza ngazi, nikaitambua kuwa ya Klemens kwa vipandio. Ottilia alipanda vinne, akachuma zote, akashuka. Akala moja, akanipa moja. Ilikuwa kali. Zilizobaki aliwagawia waliosimama karibu.

Meinrad akaja anatweta. Tukabonyeza vidude vyetu, yeye na mimi, bila uongo hata wa punje. Ottilia akakaa kwenye benchi la nyumba ya kufulia na simu yake. Watu waliondoka kimya kimya, na Meinrad akaondoka nao. Mimi pia nikageuka kwenda zangu, kama miaka yote.

"Wifi," akaniita.

Alikuwa ameshikilia simu sikio la kushoto, kisha akaihamishia la kulia, kisha akairudisha. Aliongeza sauti hadi mwisho.

"Nasikia mvumo," akasema. "Najua ni yeye. Maneno hayaji."

Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu, amefumba macho, midomo imebana. Kisha akaninyooshea simu. Haukuwa mkono wa mtu anayependa kutoa.

"Niambie anasemaje."

Nilikaa. Nikaweka simu sikioni, na kaka yangu akazungumza. Sikuwa nimejiandaa. Miaka karibu mitano, na pale alikuwepo, na kikohozi chake, na ule mtindo wake wa kuvuta pumzi kabla ya jina. Nilitaka kumkatiza nimwambie mambo. Ottilia alikuwa ananitazama mdomo.

Nikaanza kumwambia, taratibu, nimemwelekea uso. "Anasema: Otti, huu ni wa tano. Leo nimekohoa sana, sitasema mengi. Anasema: najua vidole vyako ni vyeusi kwa cheri na umepanda juu kuliko nilivyokuruhusu. Anasema karakanani kuna jua, limefika hadi kwenye randa."

Kisha nikanyamaza, kwa sababu ya yaliyofuata.

"Nini?" akasema Ottilia. "Kuna nini? Sema."

Hapo nilielewa kitu ambacho Seraina hakuweza kunieleza na madaftari yake yote. Mji mzima wa wambea ulikuwa umelinda maneno yale yasiguswe, na yamefika salama, na mita moja kabla ya kumfikia mwenyewe yalikuwa mdomoni mwangu. Ningeweza kuyafanya nitakavyo. Hakukuwa na shahidi wa pili.

"Anasema: najua hujampa Agatha asikie hata moja. Mpe hii. Yeye hataomba, atakufa kwanza. Na umwambie ile ngazi ya baba niliivunja mimi."

Ottilia alitazama macho yangu, kisha mdomo, kisha simu.

"Amesema hivyo yeye, au unasema wewe?"

"Amesema yeye."

Sikuongeza kiapo. Nilikuwa nalia na sikujali. Yeye alikuwa na kokwa la cheri bado mdomoni, akalitoa, akalifunga kwenye leso.

"Sikukupa," akasema. "Niliogopa itapungua."

"Najua."

"Zimebaki mbili, Agatha. Mwakani na mwaka unaofuata. Itabidi uwe unaniambia."

"Nitakuambia."

Akasogea karibu mpaka magoti yetu yakagusana, akanishika kidevu kama anavyoshika sahani ya keki, akaugeuza uso wangu penye mwanga ili auone mdomo vizuri.

"Rudia," akasema.

"Kuanzia wapi?"

"Kuanzia jina langu. Na uliseme kama anavyolisema yeye."

Nikairudisha simu mwanzo, nikamsikiliza anavyovuta pumzi, nikavuta kama yeye.

"Otti," nikasema.